Zamu ya Ijumaa na Zamu ya Jumapili

Mama mkwe wangu alinipa amri nyingi nilipoolewa, na zote nilimuuliza kwa nini. Ndivyo nilivyoumbwa. Mama yangu mzazi, kule Kidahwe nilikozaliwa, alizoea kusema kwamba hata malaika mtoa roho akija kunichukua nitamuuliza kwanza amepitia njia gani. Kwetu sisi ni watu wa mahindi, maharage na migomba. Ziwa tulilijua kwa kulitazama kwa mbali tukishuka mjini na gari la Kasulu. Halafu nikaolewa huku chini, kwenye mwalo, ufuko wanakoshushia wavuvi, nikakuta watu wanategemea giza na jua: giza la usiku ili wavuvi wapate dagaa, jua la mchana ili sisi wanawake tuwakaushe. Mbalamwezi ikiwaka, wote tunakaa bure.

Amri kubwa kuliko zote ilihusu Jumapili. Wavuvi wanarudi alfajiri, iwe Jumapili iwe siku gani, na dagaa hawangoji ibada iishe. Kwa hiyo mama mkwe aliruhusu tununue, tuwaanike juu ya changarawe, halafu tuoge twende kanisani. Lakini kengele ya kwanza ikishalia, basi. Mkono wako usiguse dagaa mpaka baraka ya mwisho.

“Kilichobaki mwaloni si chako tena mpaka mchungaji aseme amina,” aliniambia.

“Ni cha nani sasa, mama?”

“Cha Mungu.”

“Na Mungu atawageuza?” Maana dagaa wasipogeuzwa wanakauka juu, chini wanabaki wabichi, na jioni wananuka.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. “Mungu anaye jirani yako,” alisema.

Jirani mwenyewe ni mama mmoja mzaliwa wa Ujiji, mjane, Mwislamu wa swala tano, ambaye anaanika dagaa ubavuni mwetu tangu kabla sijaolewa. Ana miaka kama kumi kunizidi, mimi namwita dada, yeye ananiita mdogo wangu. Utaratibu wao yeye na mama mkwe niliukuta, nao ni utaratibu wa mwalo mzima. Ijumaa adhuhuri wenzetu wanakwenda kuswali, sisi tunawageuzia dagaa wao. Jumapili tunakwenda kanisani, wao wanatugeuzia wetu. Hakuna anayelipwa. Na kuna sharti moja dogo ambalo mimi lilinishinda kulielewa: ukirudi, hukagui. Unasema, “Ahsante, Mungu akulipe,” unakaa mahali pako. Huchomeki mkono chini ya dagaa kuona kama wamegeuzwa. Huangalii kama wamepungua. Kumkagua mwenzako ni kumtukana mbele za watu.

Sasa niambieni, mtu kama mimi nitaacha kujiuliza? Mbona mtu asikague? Kama mwenzako kakutendea vema, kukagua kunaharibu nini? Nilimuuliza mama mkwe, akasema nimsaidie kukoka moto. Nikamuuliza dada mwenyewe, akacheka mpaka akashika kiuno. “Mdogo wangu, na mumeo akilala unamfunua macho kuona kama amelala kweli?” Nikacheka na mimi, lakini jibu halikunishibisha. Zamu zilikwenda hivyo miaka, nami sikukagua, kwa sababu nilikatazwa. Nilidhani huko ndiko kutii.

Mwaka huu ninaousimulia mambo yetu yalikuwa magumu. Mume wangu alikuwa amekwenda Mpanda kutafuta kazi za ujenzi, kazi zenyewe zikawa za leo ipo kesho haipo. Mama mkwe miguu ilianza kumsumbua, akaacha kushuka mwaloni, biashara akaniachia mimi. Zikapita wiki za mbalamwezi, zikafuatia siku za upepo ambazo mitumbwi haikutoka kabisa. Nilibaki na binti yangu, mama mkwe, na cherehani.

Giza lilipoanza, wavuvi walipata dagaa siku ya Ijumaa, ila kidogo. Mimi sikununua, mkono ulikuwa mtupu. Dada alinunua mabeseni machache akaanika. Adhana ilipolia alijifunga mtandio wake, akaniambia kama siku zote, “Mdogo wangu, naenda,” akaenda.

Niligeuza mara moja, vizuri tu. Halafu likatia nanga boti la mizigo kutoka ng'ambo, Kongo. Juu ya magunia, katikati ya vitenge na madumu, alisimama kijana amevaa suti nyeupe, tai, na viatu vya kung'aa amevishika mkononi. Bwana harusi! Jamani, ningefanyaje? Kwa nini mtu avuke ziwa zima na suti nyeupe? Asingeibeba kwenye begi akaivaa huku? Ameketi wapi njia nzima, au kasimama? Miguu yangu ilikwishafika majini kabla kichwa hakijaamua. Nilimuuliza, akanijibu kwa Kiswahili chao kile kitamu cha ng'ambo kwamba aliapa mama mkwe wake atamwona akiwa hivyo hivyo tangu mbali. Tukacheka wote. Nikauliza na mengine.

Niliporudi, bata walikuwa katikati ya dagaa wa dada. Bata saba, wanachota kama wamealikwa. Kunguru nao wanaondoka na mmoja mmoja. Niliwafukuza kwa ufagio na matusi ambayo mhudumu wa kanisa hapaswi kuyajua. Upande mmoja palibaki peupe. Nilisogeza dagaa wengine nikapaziba, nikawatandaza kwa wepesi kidogo ili pasionekane. Ndiyo. Nilifanya hivyo, na mikono yangu mwenyewe.

Dada alirudi. Alisimama pale, akatazama changarawe, akanitazama mimi. “Ahsante, mdogo wangu, Mungu akulipe,” alisema, akakaa mahali pake.

Nilijua yanipasa nimwambie. Neno lilinifika kwenye meno likarudi. Nilianza kujiuliza, je, ameona? Akiwa ameona, mbona kanyamaza? Mimi ningepiga kelele mpaka ng'ambo wakasikia. Siku ile na kesho yake yote nilimchungulia usoni nikitafuta hasira, sikuiona, na kutokuiona ndiko kulikonitia wasiwasi zaidi. Nikajisemea, huyu ameiweka. Anangoja zamu yake.

Jumamosi niliuza cherehani. Nilisikia kwamba Jumatatu linakuja lori la wanunuzi, na nilijua nikipata dagaa wa kutosha siku moja tu, tutakula mpaka mume wangu arudi. Usiku ule wavuvi wakapata kweli kweli. Jumapili alfajiri nilinunua mabeseni mengi kuliko siku zote za maisha yangu, cherehani yote ikageuka dagaa. Niliwaanika kipande kirefu, wanametameta. Pembeni yangu dada naye alikuwa ameanika wake, wengi pia, maana na yeye lile lori alilisikia. Kengele ikalia.

“Dada, naenda,” nilimwambia.

“Haya, utuombee.”

Kanisa letu liko mlimani kidogo, mlango wake unatazama ziwa, na mimi ni mhudumu wa mlangoni. Kazi yangu ni kuwakaribisha watu, kuwaonyesha pa kukaa, kunyamazisha watoto, na kufukuza mbuzi wa jirani ambao wanapenda ubaridi wa sakafu yetu. Hutoki mlangoni mpaka baraka. Mama mkwe ndiye aliyenipendekeza kwa wazee wa kanisa. Nadhani alitaka nijifunze kusimama mahali pamoja.

Mchungaji alihubiri juu ya kumtegemea Mungu. Lazima niseme kweli, sikusikia hata nusu. Nilikuwa nimesimama nusu ndani nusu nje, na kutoka kwenye milima ya Kongo wingu lilikuwa linakuja. Mwanzo lilikuwa mstari tu. Nikasema litapita. Likazidi, likawa jeusi, ziwa chini yake likabadilika rangi. Watu ndani wanasema amina, mimi natazama nje. Nilimtazama mama mkwe kwenye benchi la mbele. Ngurumo ilipiga, watu wakageuka, yeye hakugeuka.

Nilijaribu kuomba. Nikasema, Bwana, wale dagaa ni wako. Na hapo hapo nikawaona bata saba, nikaona changarawe ile nyeupe, nikawaza: ni nani atakayeanza na dagaa wangu mvua ikishuka? Yule ambaye dagaa wake niliwaachia bata? Mimi ningekuwa yeye, ningeanua wangu wote kwanza, kisha ndipo nianze kuwatafuta wa mwenzangu kwa mwendo wa polepole. Ningesema mvua ilinizidi. Nani angenikagua?

Nilivua viatu, nikatoka mbio.

Mvua ilianza nikiwa njiani, matone makubwa ya kuuma. Mwaloni wanawake walikuwa wanakimbizana na mifagio, makarai na maturubai, kila mtu anaita. Nilimwona dada ameinama, anafagia dagaa wake, ameloa mpaka mtandio umemganda kichwani. Nilimpita. Nikafika kwenye kipande changu.

Hapakuwa na kitu. Changarawe tupu, zinalowa. Hata dagaa mmoja wa kuniaga hakuwepo.

“Wako wapi?” nilipiga kelele. Sauti yangu naijua, inafika mbali. “Umewapeleka wapi dagaa wangu? Nakuuliza wewe! Dagaa wangu wako wapi?”

Mwalo mzima ulisikia. Dada aliinuka, akafuta maji usoni kwa kiganja, akaonyesha kwa kidevu. “Bandani.”

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Lakini nilikimbilia bandani tunakohifadhi dagaa wakavu. Nilifunua turubai nikakuta dagaa wangu kwenye mikeka, wamerundikwa vizuri, na bado sikuridhika. Nikachomeka mkono mpaka chini kabisa. Walikuwa wakavu. Walikuwa bado na joto la jua.

Nilipotoka, mvua ilikuwa imeshafanya vijito kwenye changarawe, na dagaa wa dada walikuwa wanateremka navyo kurudi ziwani. Niliokota ufagio, nikaokota karai, nikaingia kwenye maji kwa magoti. Tuliokoa makarai mawili, labda matatu, yenye mchanga nusu. Wengine walikwenda. Wanawake waliokuwa wamemaliza kuanua wao walisimama chini ya paa la banda wakitutazama.

“Ibada imekwisha?” dada aliniuliza.

“Bado.”

“Basi rudi.”

“Nilikuja kukusaidia, dada.”

Alinitazama. Hakuwa na ukali. Ningependa awe nao. “Ulinipita,” alisema.

Nilirudi kanisani nimeloa chapachapa, bila viatu, nikakuta mchungaji amesimama bila kuhubiri na vijana wa kwaya wanamsukuma mbuzi jike matakoni kumtoa madhabahuni. Walikuwa wameingia watatu. Ilikuwa Jumapili ya shukrani ya mazao, na mbele kulikuwa na matembele, mahindi mabichi, na mkungu mzima wa ndizi ulioletwa na Wakristo wenzetu wa Simbo. Matembele hayakuwepo tena. Siku nyingine ningecheka mpaka nikalazwa. Siku ile nilisimama mlangoni nikilia, na watu wakadhani nalilia matembele.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe kila kitu, tangu bwana harusi wa suti nyeupe. Alisikiliza akinyoosha miguu yake kwenye mkeka. Nilipomaliza nilimwambia nitachukua nusu ya dagaa wangu nimpelekee dada jioni hiyo hiyo.

“Uwapeleke dagaa ili usipeleke mdomo?” aliniuliza.

“Sasa nifanyeje, mama? Nimtazame hivi hivi?”

“Utakwenda mikono mitupu. Utasema cha Ijumaa, utasema na cha leo. Akikufukuza, utarudi.”

“Na ile ya kuacha mlango?”

“Mbuzi ni mbuzi,” alisema. “Hilo nitalimaliza na wazee.”

Sikuuliza kwa nini. Naandika hili kwa sababu najua watu wa nyumbani kwangu hawataliamini. Kwa mara ya kwanza tangu niijue ile nyumba nilipewa amri nikainuka kuifuata bila swali, na nawaambia, haikuwa kama nilivyodhania. Nilidhani anayetii bila kuuliza anakuwa ametulia moyoni. Mimi sikutulia hata kidogo. Njia nzima nilisimama mara mbili, mara ya pili nikajifanya naangalia kuku wa watu. Miguu ikaenda tu.

Dada alikuwa anaosha mchanga kwenye wale dagaa walioloa, ingawa wote tulijua hawatafaa ila kwa chakula cha kuku. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikasema. Nilisema bata, nikasema kunguru, nikasema nilivyopaziba pale palipokuwa peupe.

“Bata wanaacha nyayo, mdogo wangu,” alisema. “Na uchafu.”

“Kwa hiyo uliona.”

“Niliona.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema ningekuwa nimekagua.”

Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Maswali yangu yalirudi yote kwa pamoja. Nikamuuliza, sasa leo mvua inakuja, wako hapa, wangu hapa, na unajua nilichokutenda, kwa nini ulianza na wangu? Alifikiri kwanza. Nilipenda kwamba alifikiri, hakunipa jibu la kunifurahisha.

“Wangu ni wangu,” alisema. “Wakiloa nimeloweshewa na Mungu wangu, tutajuana. Wako nilikabidhiwa.”

“Hukuwa na hasira?”

“Astaghfirullah! Nilikuwa nayo, tena nyingi. Nilikuwa naifagia pamoja na dagaa wako.” Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. “Lakini leo umeniumiza kuliko Ijumaa. Ijumaa ulisahau. Leo ulikimbia kuja kuangalia kama mimi ni mwizi.”

Nikasema nisamehe. Akasema amenisamehe, ila bado inauma, na mimi nisiharakishe. Nikamwambia achukue nusu ya dagaa wangu, akakataa. “Uza, mwanao ale,” alisema, akaendelea kuosha mchanga.

Lori lilikuja Jumatatu, nikauza. Dada hakuwa na cha kuuza. Wiki ile nilipita mwaloni kila siku nikimwona amekaa tu, na watu wakanisalimu kwa ufupi. Nilijua ninachongoja ni Ijumaa. Mwalo mzima ulijua. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumwachia. Yeye angeweza kumwachia yeyote, na hakuna ambaye angemlaumu. Angenipita tu, akamwambia mama wa upande wa pili, “Naenda,” na hapo mimi ningekuwa nimekwisha. Ningeanika peke yangu hadi uzee.

Ijumaa alfajiri alikuja na beseni moja. Nilisikia baadaye kwamba aliuza vitenge vyake viwili vya sikukuu kulipata. Alilianika kwa uangalifu, dagaa mmoja mmoja, wakatosha kipande kama mkeka wa mtoto. Mimi nilikuwa nimeanika wangu pembeni. Jua likapanda.

Adhana ililia. Alinawa mikono, akajifunga mtandio. Mama wa upande wa pili aliinua kichwa, tayari. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio.

“Mdogo wangu,” alisema, “naenda.”

Akaenda. Nilimfuata kwa macho kwenye njia ile yote inayopanda, nikiomba ageuke, hata mara moja, anichungulie tu kama ningemchungulia mimi, ili na yeye awe na kosa dogo tugawane. Hakugeuka. Alipotoweka nilipiga magoti kwenye changarawe nikaanza kugeuza wale dagaa wa beseni moja kwa vidole, mmoja mmoja, machozi yananitoka mbele za watu wote, na wangu siku hiyo sikuwageuza, wakakauka upande mmoja tu.